Kaakaa Jipya, Ulimi Ule Ule

Mimi nauza vifaa vya ujenzi jirani na soko la Babati, na kwa miaka mingi nilikuwa bingwa wa kuuza waya. Waya wangu haukuwa bora kuliko wa wengine. Siri ilikuwa kwenye neno lenyewe. "Waya" halina herufi ngumu, linapita lenyewe mdomoni. Rola ya kupakia rangi nayo niliiuza vizuri. Lakini mteja akitaka bati, mimi nikilitaja lilitoka "mani", na kitasa kilitoka "ng'inana", hewa yote ikiwa imeshapanda puani. Kwa hiyo nilimshauri kila mtu anunue waya. Kuna mzee alikuja kutafuta bomba la kumwagilia bustani, akaondoka na waya wa mita ishirini. Mpaka leo sijui aliufanyia nini, na aibu hainiruhusu kumuuliza.

Nilizaliwa na tundu kwenye kaakaa, yaani kwenye dari la mdomo. Mdomo wa nje ulikuwa mzima kabisa, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Mama anasema nilipokuwa nanyonya, maziwa yalitokea puani, na bibi yangu akatoa hukumu kwamba mtoto huyu ana pupa. Tundu lilionekana nikiwa darasa la tano, siku wauguzi walipokuja shuleni kukagua meno. Muuguzi alinimulika tochi, akamwita mwenzake aje aone. Wakaandika barua nipelekwe hospitali kubwa. Mwaka huo huo baba akaugua, akafariki, na ile barua ikabaki kwenye kabati hadi mende wakaisoma yote.

Shuleni niliitwa King'ong'o. Sikulipenda jina hilo, ingawa kwa haki niseme kwamba lilikuwa jina ambalo, ukiondoa ile k ya mwanzo, niliweza kulitamka sawasawa.

Aliyenisaidia ni mdogo wangu wa kike, Zuwena. Alikuwa na miaka mitatu tu nilipoanza kumtumia kama mkalimani. Nikitumwa dukani tunakwenda wote. Mimi nasema, muuza duka anatoa macho, Zuwena anatafsiri: "Kaka anataka chumvi na kiberiti." Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, nilipofungua duka langu, miezi ya kwanza Zuwena ndiye aliyekaa kaunta. Wateja walidhani duka ni la kwake na mimi ni mpagazi.

Basi Zuwena akapata mchumba. Tariq alikuwa anauza vipuri vya pikipiki karibu na stendi, kijana mpole, mwenye heshima, mwenye kaakaa zima. Barua ya posa ikaja nyumbani kwetu Singe, wazee wakakaa, wakakubaliana. Ndoa ikapangwa ifungwe baada ya miezi saba. Ndipo likaja suala la walii, yule anayesimama kwa niaba ya bibi harusi na kutamka maneno ya kumwozesha. Baba hayupo, babu hayupo. Kaka ndiye mimi.

"Hilo lisiwape shida," alisema baba mdogo Rama. Baba mdogo ana sauti nzuri mno. Yeye ndiye huadhini msikitini, na watu hutulia barabarani kumsikiliza. "Rehani ataniweka mimi kuwa wakili wake, nitasema kwa niaba yake. Sheria inaruhusu."

Alisema kwa upendo, najua. Wazee wote wakatikisa vichwa kukubali. Zuwena alikuwa amekaa mlangoni, akaangalia chini. Na mimi, ambaye kwenye vikao vya ukoo nilikuwa najulikana kwa kunywa chai tu, nikajikuta nimesimama.

"Nitasema mwenyewe," nikasema.

Kikao kikageuka kumtazama Zuwena, wakisubiri tafsiri.

"Amesema atasema mwenyewe," Zuwena akasema.

Nilirudi chumbani. Maneno yenyewe niliyajua: "Nimekuozesha dada yangu Zuwena binti Sadiki kwa mahari mliyokubaliana." Niliyajaribu peke yangu mara moja nikakaa kitandani. Z, s, d, t, k, b. Ilikuwa kama mtu amekusanya maadui zangu wote akawapanga mstari mmoja. Baba yetu angeweza kuitwa Mwana au Rahimu, lakini hapana, aliitwa Sadiki.

Wiki mbili baadaye redio ikatangaza kwamba madaktari bingwa wanafanya upasuaji wa midomo na makaakaa bila malipo katika hospitali moja kubwa ya Kanda ya Kaskazini. Nililichukua tangazo lile kama barua iliyoandikwa jina langu. Nikafunga duka, nikapanda basi.

Nikisimulia sehemu hii, najilaumu mwenyewe, maana daktari alinieleza kila kitu. Alikaa mbele yangu, akachora mdomo kwenye karatasi, akasema, "Rehani, una miaka ishirini na tisa. Mtoto tunamfunga tundu kabla hajaanza kusema, kwa hiyo anajifunza kusema akiwa na mdomo uliokamilika. Wewe ulijifunza kusema ukiwa na tundu. Sisi tutalifunga, lakini ulimi wako hautajua kwamba limefungwa. Itabidi ufundishwe upya, na inaweza kuchukua muda mrefu. Inaweza pia isifike pale unapotaka. Umenielewa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilichosikia mimi ni "tutalifunga" tu. Maneno mengine yalipita kama upepo, na upepo nilikuwa nimeuzoea.

Kabla ya upasuaji nilikuwa nimeshachagua maneno ya kwanza nitakayotamka na mdomo mpya. Nilipozinduka, kinywa kikiwa kizito kama kimejaa matambara, alikuja muuguzi wa kiume, akaniinamia.

"Unajisikiaje, kaka?"

Nikanyanyua mkono kumtaka atulie. Nikakusanya nguvu zote nilizopewa na Mungu, nikamwambia, "Nimekuozesha dada yangu Zuwena binti Sadiki."

Alinitazama. Nikarudia. Mara ya tatu akacheka mpaka akashika kitanda.

"Asante sana, kaka," akasema, "lakini mimi nina mke tayari."

Alichekea maneno, hakuichekea sauti. Lakini mimi nilikuwa nimeisikia sauti yangu, na ilikuwa ile ile, safari hii ikiwa na uvimbe juu yake. Muuguzi akanituliza kuwa uvimbe ukiisha mambo yatakuwa nafuu. Nikaung'ang'ania ule uvimbe. Kwa wiki tatu nzima kila kitu nilikisingizia uvimbe, hata ulipokuwa umeshaondoka zake.

Kabla sijaruhusiwa alikuja mtaalamu wa matamshi, dada mmoja anaitwa Aikande, mwembamba, mwenye miwani. Alinipa karatasi ya mazoezi na namba yake ya simu. Akasema jeraha likipona tuanze, na kwamba tunaweza kufanya mazoezi kwa simu ya video kwa kuwa ninakaa mbali. Niliikunja karatasi nikaiweka chini kabisa ya begi. Mazoezi niliyahesabu kuwa ni ya wale ambao upasuaji haukuwakubali.

Siku niliyorudi Babati, bajaji iliniteremsha nyumbani nikakuta uani kumejaa watu. Mama alikuwa amepika pilau, ambayo sikuruhusiwa kuila, kwa kuwa nilikuwa bado natumia uji. Baba mdogo Rama alikuwepo. Apolinary, fundi cherehani anayeshonea kwenye baraza la duka langu, alikuwepo na mke wake. Wote wakanizunguka.

"Haya, mwanangu," mama akasema, macho yamemjaa machozi. "Sema neno tukusikie."

Nikawaangalia mmoja mmoja. Nikatoa kalamu mfukoni, nikaandika nyuma ya bahasha ya dawa: *Daktari amenikataza kusema.*

Zuwena akasoma kwa sauti. "Mpaka lini?" akauliza.

Nikaandika: *Mpaka atakapotoa ruhusa.*

"Alhamdulillahi," mama akasema, na wote wakaitikia, wakala pilau yangu.

Uongo ule nilikusudia ukae siku tatu. Ulikaa wiki saba. Nilinunua daftari la kuandikia, nikalifunga kwa kamba shingoni kama kondakta wa basi na tiketi zake. Na jambo la kusikitisha ni kwamba biashara ilichangamka. Nilipokuwa nasema kwa pua, wateja walinikatisha kauli na kuangalia pembeni. Nilipokuwa bubu wa muda, walinihurumia. Hakuna aliyebishana nami bei, maana nani atabishana na mtu anayeandika? Niliuza vitasa, niliuza bawaba, niliuza bomba na saruji. Nilianza kufikiri kwamba tatizo langu la maisha yote lilikuwa kufungua mdomo.

Huku nyuma wakati ulikuwa unakwenda. Kila nilipojaribu yale maneno ya ndoa ndani ya stoo, "Sadiki" ilitoka "Naning'i".

Apolinary ndiye aliyenipa wazo la puto. Alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu kwamba ukipuliza puto kaakaa linakomaa. Nikanunua pakiti nzima. Nikawa nakaa nyuma ya mifuko ya saruji napuliza mpaka naona nyota. Kwa kuwa sikujua pa kuyaweka yaliyojaa, niliyatundika mlangoni. Watoto wakaja kuuliza nani ana sherehe. Mama mmoja akaagiza mekundu kumi. Kwa wiki mbili duka la vifaa vya ujenzi lilionekana kama ndilo linaloolewa.

Siku moja mchana nilikuwa huko nyuma na puto la kijani, simu yangu ikalia kaunta. Apolinary akaipokea, na kwa sababu mikono yake ilikuwa na kitambaa, akaweka sauti ya nje.

"Habari za mchana. Naomba kuongea na Rehani," ilikuwa sauti ya Aikande.

"Haongei, daktari," Apolinary akajibu kwa heshima. "Anafuata maagizo yako."

"Maagizo gani?"

"Ya kutosema. Huu mwezi wa pili, na hajatamka hata neno. Ana nidhamu kweli."

Kisha Aikande akasema taratibu, "Ndugu yangu, mimi nilimwagiza aseme kila siku."

Puto likanitoka mkononi. Likaruka duka zima likitoa mlio ambao, kwa kweli, ulifanana sana na sauti yangu, likaanguka juu ya cherehani ya Apolinary.

Apolinary akaliokota, akaniangalia. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa mgumu. "Rehani," akasema, "jumuiya yetu nzima tumekuombea. Wiki saba. Mke wangu amefunga kwa ajili yako."

Kwa mara ya kwanza ule ububu ulikuwa wa kweli.

Nilikwenda nyumbani nikawaambia mwenyewe, kabla Apolinary hajafika. Mama alilia kidogo, kisha akaenda jikoni akawa anagongagonga masufuria. Zuwena alinifuata uani. Nilitegemea atanicheka, maana hiyo ndiyo kawaida yetu.

"Ulikuwa unatuficha nini?" akauliza.

"Sauti," nikasema. "Haijabadilika."

"Nani alikwambia sisi tulikuwa tunasubiri ibadilike?"

"Mama alilia. Pilau ilipikwa."

"Mama alilia kwa sababu umerudi mzima. Ulipasuliwa, Rehani! Tulikuwa tunaogopa utafia huko." Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa kiganja. "Mimi nimekuelewa tangu nina miaka mitatu. Sijawahi kukosa neno lako hata moja. Halafu wiki saba unaniandikia kwenye daftari, kama mimi ni mteja."

Hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimejali sana masikio ya watu wasionielewa, nikamfungia mlango yule mmoja aliyekuwa ananielewa bila shida.

"Ukimpa baba mdogo aseme, sitakasirika," akaendelea. "Ukisema mwenyewe, sema. Lakini usinifanyie kisa cha kunyamaza siku ya ndoa yangu."

Kesho yake nilimpigia Aikande simu ya video. Nilijiandaa kugombezwa. Yeye aliuliza tu, "Umesema nini leo?"

"Nimeomba msamaha."

"Vizuri. Msamaha una s. Tuanze na hilo."

Nikamweleza habari za puto, nikitegemea angalau sifa kwa juhudi. Akavua miwani.

"Puto linakufundisha kupuliza puto," akasema. "Siku ya ndoa unataka kupuliza au unataka kusema?"

Akaniambia nitafute kioo kidogo, nikiweke chini ya pua, niseme "pa". Nikasema. Kioo kikapata ukungu. "Hiyo ni hewa iliyotoroka," akasema. "Sema tena, safari hii ukiziba pua kwa vidole." Nikasema "pa", na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia p ya kweli, imepasuka midomoni kama bisi. Nikaachia pua, ikapotea. Nikaziba, ikarudi. Nilicheza hivyo mpaka Aikande akaniomba nimwachie nafasi na yeye aongee.

"Unasikia? Njia ipo," akasema. "Sasa sikiliza k yako. Unaikatia kooni. Ulipokuwa mtoto mdomo ulikuwa hauwezi kuhifadhi hewa, ukatafuta pa kuikatia ukapata kooni. Ulikuwa ujanja huo, wala usiuonee aibu. Lakini sasa mdomo una dari. Itabidi uurudishe ulimi kazini."

Kumrudisha kazini mfanyakazi aliyekaa likizo miaka ishirini na tisa si mchezo. Kila asubuhi kabla ya kufungua, na kila jioni, nilikaa na kioo. Pa, pa, pa. Ta, ta, ta. Nikitoka hapo neno zima, nikitoka hapo sentensi. Mama alizoea, akawa ananipita na ufagio kana kwamba kila nyumba ina mwanamume anayesema "sa sa sa" mbele ya kioo. Zuwena alipewa kazi mpya na Aikande: aache kunielewa makusudi pale ninaposema hovyo. Aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Nikiomba chumvi mezani, ananiletea maji.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika. Mwezi wa pili p na b zikaanza kukaa. Kisha ikaja siku fundi mmoja wa kupaua aliposimama kaunta akauliza, "Mna bati?"

"Bati lipo," nikasema.

"Nipe ishirini."

Akaanza kuandika kwenye karatasi yake. Hakuuliza "nini?" Hakuinamisha sikio. Aliendelea na maisha yake kama kawaida. Nilifurahi kiasi kwamba siku nzima nililisema neno lile. Mama mmoja aliulizia sinki la choo, nikamjibu, "Bati lipo." Apolinary, ambaye alikuwa amenisamehe baada ya wiki kadhaa na kilo moja ya misumari, akatoa kichwa barazani. "Rehani," akasema, "sasa umekuwa mtu wa kusumbua."

Lakini s ilikataa. Z ilikataa. Na wiki ya ndoa ikafika nikiwa na s inayotii asubuhi na kuasi jioni.

"Itakuwa saa ngapi?" Aikande aliuliza.

"Saa kumi alasiri."

Akafikiri. "Basi pumzika mchana. Polepole, fungua mdomo, usikimbie. Na Rehani, kama hewa itatoka puani, itoke. Hujaenda kufanya mtihani. Umeenda kumwozesha dada yako."

Siku hiyo maturubai yalifungwa uani kwetu, mkeka ukatandikwa. Shehe akakaa katikati, na mtu wa vyombo akaleta kipaza sauti, kitu ambacho hakikuwa kwenye ndoto zangu. Hewa yangu ya puani sasa ingesikika mpaka barabarani. Baba mdogo Rama alikaa kulia kwangu, kanzu imenyooka, ameshakohoa mara tatu kusafisha koo.

Shehe akamaliza hotuba, akanigeukia. "Walii, utaozesha mwenyewe au unaweka wakili?"

Nilihisi baba mdogo akisogea mbele kidogo.

"Mwenyewe," nikasema.

Tariq akanipa mkono. Ulikuwa umelowa jasho. Nikavuta pumzi, nikaanza, na bila shaka nikakimbia. Miezi minne nafundishwa kwenda polepole, nikakimbia kama mtu aliyeona nyuki. Maneno yakatoka yote kwa pamoja, kipaza sauti kikayapokea kwa kelele ya upepo.

"Rudia, mwanangu," shehe akasema kwa upole. "Sijakusikia vizuri."

Nikaona vichwa vimeinama, wale wanaonipenda wakiangalia miguu yao ili nisione nyuso zao. Kwenye dirisha la chumba cha wanawake pazia likasogea, nikaona vidole vya Zuwena, vimechorwa hina, vimeshika nondo za dirisha.

Nikafungua mdomo polepole.

"Nimekuozesha," nikasema. Nikatulia. "Dada yangu Zuwena." Z ikavuja kidogo, nikaiacha ivuje. "Binti Sadiki." D ilikuwa nzuri. K ilikaa mahali pake. S ilipanda puani kama ilivyopenda, lakini jina la baba yangu lilisikika, herufi zote zikiwepo kwa namna yake. "Kwa mahari mliyokubaliana."

Shehe akatikisa kichwa. "Nimesikia. Bwana harusi, jibu."

Tariq alikuwa amenikazia macho muda wote. Akameza mate, akaushika mkono wangu kwa nguvu, akasema kwa sauti safi, yenye herufi zote kamili, isiyovuja popote:

"Nimekubali kumuoa Rehani binti Sadiki."

Halafu baba mdogo Rama, mtu wa heshima zake, akatoa kicheko ambacho kipaza sauti kilikipeleka mpaka mtaa wa pili. Uani pakalipuka. Wanawake ndani wakapiga vigelegele kwa kudhani yameisha. Shehe alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Tariq alirudia mara mbili ndipo akampata mke aliyekusudiwa.

Nilikuwa nimekaa miezi saba nikidhani dunia nzima itakuja siku ile kusikiliza pua yangu. Kumbe kila mtu alikuja na hofu yake. Tariq alikuwa na ya kwake, na hata baba mdogo aliniambia baadaye, huku akinipigapiga begani, "Na mimi nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nimekunywa asali."

Mwaka umepita sasa. Juzi nilikwenda kwa Aikande kupimwa. Alikuwa na sauti zangu alizozirekodi, za kabla na za baada, akazipeleka kwa watu wasionijua waandike walichosikia. Zamani, kwenye maneno kumi walipata matatu. Sasa wanapata saba. Nilimuuliza yale matatu yamekwenda wapi, akasema hewa bado inatoroka nyuma kabisa, karibu na koo, na kwamba upasuaji wa pili unaweza kusaidia, au usisaidie sana. Safari hii nilisikiliza mpaka mwisho, nikauliza maswali mengi kiasi kwamba yeye ndiye aliyeangalia saa. Bado sijaamua.

Wiki iliyopita alikuja dukani mama mmoja kutoka Mutuka, amebeba mtoto wa miezi mitano. Akajitambulisha kuwa Mama Jesse. Alisikia habari zangu kwa watu, na mtoto wake ana tundu kama langu.

Nikamkaribisha kwenye kigoda. Nikamweleza kila kitu: nilivyozaliwa, upasuaji, mazoezi, siku ya ndoa. Nilisimulia vizuri, kwa mikono na kwa macho, labda dakika ishirini. Jesse akalala. Mama Jesse alinisikiliza kwa makini sana, na nilipomaliza akashusha pumzi.

"Nimekuelewa, kaka," akasema. "Na wewe upasuaji wako utafanyiwa lini?"

Cherehani ya Apolinary ikasimama ghafla. Nilisikia akijikaza asicheke huko barazani.

"Nimeshafanyiwa, Mama Jesse," nikasema. "Hivi ndivyo nilivyo baada ya upasuaji."

Akaona haya, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia asiombe. Nikamwambia kwamba mwaka juzi asingepata hata nusu ya maneno yangu, na leo amekaa dakika ishirini bila mkalimani. Halafu nikamwambia lililo muhimu, bila mbwembwe: mimi nilichelewa miaka ishirini na nane, yeye hajachelewa hata mwaka. Ampeleke sasa, na baada ya hapo asitegemee kwamba kisu kimemaliza kazi, ampeleke pia kwa anayefundisha kusema.

"Atasema vizuri?" akauliza.

"Sijui. Wengi wanaofungwa mapema husema vizuri. Wengine hubaki na kazi kidogo. Muulize anayejua."

Nikamtajia namba ya Aikande, naye akaibonyeza kwenye simu yake. Akapokea mzee wa Kondoa, mwenye hasira, aliyekuwa anataka kulala. Nilikuwa nimesema sita, yeye akasikia tisa. Nikairudia, polepole, tarakimu moja moja, na Mama Jesse akairudia baada yangu. Simu ikaita mara mbili.

"Halo?" akasema Aikande.

Mama Jesse alinitazama, nikamwashiria aongee yeye. Mimi nikampokea mtoto.